Kuitoa ofisi kwenye grupu la WhatsApp

Nipo kwa wakala wa forodha, Kurasini, Dar es Salaam. Kwetu kazi ni karatasi: BL (hati ya shehena ya meli), TANSAD (fomu ya tamko la forodha), stakabadhi za malipo, kibali cha kutoa kontena. Karatasi zote zikipita kwenye grupu moja, kati ya salamu za Ijumaa na michango ya harusi, anayetafuta BL ya mwezi uliopita anapekua huku kontena linakula storeji, yaani gharama za kukaa bandarini. Kama ofisi yako iko hivyo, ihamishie kwenye programu ya mazungumzo ya kazi. Fanya hivi.

Anza kwa kuamua nani hahami. Madereva waache walipo. Mtu yuko njiani Tunduma, ana bando la siku na simu iliyojaa. Ukimlazimisha apakue programu nyingine atakupigia tu. Mteue mtu mmoja ofisini awe anapokea taarifa zao na kuziingiza kwenye mfumo.

Kisha chagua programu, ukiijaribu kwenye simu dhaifu kuliko zote ofisini, siyo kwenye kompyuta ya bosi. Slack, mojawapo ya programu hizo, ilianza kama chombo cha ndani cha Tiny Speck, kampuni iliyokuwa ikitengeneza mchezo wa mtandaoni wa Glitch. Mchezo ulifungwa 2012, chombo kikabaki, kikafunguliwa kwa umma Februari 2014, na mwaka 2021 Salesforce wakakinunua kwa dola bilioni 27.7. Waliokitengeneza walikuwa watu wa kukaa kwenye kompyuta mchana kutwa. Sisi tuko getini, juani, simu mkono mmoja na faili mkono mwingine. Kwa hiyo jaribu hili: piga picha ya stakabadhi, itume, itafute kesho yake kwa namba ya kontena. Tena ichape hiyo namba chini ya picha, bila hivyo utafutaji hautakusaidia kitu.

Soma pia masharti ya bure. Slack ya bure inakuonyesha ujumbe wa siku 90 tu, na wa zaidi ya mwaka unafutwa. Kudai dipoziti ya kontena (dhamana inayorudishwa kontena likirejeshwa) kunaweza kuvuka hapo. Ama mlipie, ama kila mzigo ukifungwa mtu ahifadhi nyaraka kwenye folda ya ofisi. Zulip nayo ni programu huria, mnaweza kuiweka kwenye seva yenu mkiwa na fundi wa kuiangalia. Fundi huyo awe wa kudumu. Seva isiyo na mwenyewe ni msiba unaosubiri siku.

Chaneli, yaani vyumba vya mazungumzo ndani ya programu, zisiwe nyingi. Moja ya malipo, moja ya bandari, moja ya matangazo, basi. Kila mzigo ufunguliwe uzi wake (ujumbe mmoja na majibu yake chini yake) ndani ya chaneli ya bandari, ukianza na namba ya BL, na majibu yote yaingie humo humo. Hapa ndipo watu watakusumbua: watajibu nje ya uzi, watatuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Usigombe. Jibu ndani ya uzi, kwa maandishi, kila mara.

Sasa bosi. Hili ndilo lenyewe, mengine yote ni mapambo. Bosi akiendelea kuidhinisha malipo kwenye WhatsApp, hakuna atakayehama, na hutawalaumu. Kaa naye kabla ya siku ya kuanza, mkubaliane maneno ya kujibu: "Niwekee kwenye uzi wa mzigo, nitaidhinisha huko." Mwandikie hayo maneno kwenye simu yake ayabandike tu. Mhasibu naye apewe ruhusa ya kutolipa chochote kisicho na idhini kwenye uzi, hata mkubwa akipiga simu.

Grupu la zamani msilifute. Misiba na harusi zina haki ya mahali pake.

Mwisho, akaunti zifunguliwe kwa barua pepe za ofisi, na wasimamizi wawe wawili. Mtu akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo, kabla hajarudisha kitambulisho. Nyaraka zile zina majina, TIN (namba ya mlipakodi) na namba za simu za wateja, na tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi.