Jinsi ya Kutengeneza Jeli Angavu ya Mshubiri kwa Kutumia Viongeza Uzito

Ukipasua jani la mshubiri na kuutazama ute wake kwenye mwanga, utaona kitu kinachong'aa kama kioo, na ni rahisi kudhani kwamba ukiusaga na kuutia chupani utapata jeli ya namna ile ile. Haiwi hivyo. Ute ule umeshikiliwa na kuta nyembamba za seli, na ukishasagwa kuta hizo huvunjika zikabaki zikielea kama vumbi majini, povu hujaa juu, na baada ya saa kadhaa rangi huanza kugeuka kuwa ya waridi au ya kahawia kwa sababu ya hewa. Kinachosalia ni majimaji, kwa kuwa zaidi ya asilimia 98 ya ute wa mshubiri ni maji. Jeli angavu inayokaa imara hupatikana kwa njia nyingine, nayo ni kuchukua maji ya mshubiri yaliyochujwa vizuri, au unga wake, kisha kuyapa uzito kwa kitu kisichogombana na chumvi zilizomo ndani ya mshubiri. Chumvi hizo ndizo zinazowaharibia kazi watu wengi, kwani hufuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya jeli ya maji matupu, wakaongeza mshubiri, na jeli ikayeyuka mbele ya macho yao.

Mshubiri wa kuanzia

Kwa jeli inayotakiwa kupitisha mwanga, ninapendekeza unga wa mshubiri uliokolezwa mara 200 na kuondolewa rangi. Gramu 1 ya unga huo katika gramu 199 za maji hurudisha maji ya mshubiri yenye nguvu ya kawaida, yaani kiasi cha asilimia 0.5 kinatosha. Kuzidisha hakuifanyi jeli kuwa bora. Kunaongeza chumvi na rangi, na ngozi inaweza kuhisi kukazwa. Maji ya mshubiri ya chupa nayo yanafaa, ila soma kibandiko chake kwanza, kwa sababu mengi huwa yametiwa asidi ya sitriki pamoja na vihifadhi vya sodiamu benzoeti na potasiamu sobeti, na viambato hivyo vitaingia katika hesabu ya kiongeza uzito utakachochagua.

Anayetaka kutumia jani bichi alikate karibu na shina na kulisimamisha kwa dakika 30 hivi, ili utomvu wa manjano udondoke wote. Huo ndio wenye aloini, huwasha ngozi, na uchungu wake ndio uliotupa usemi wa "chungu kama shubiri". Baada ya hapo menya ganda la kijani, osha nyama ya jani, saga, chuja kwa kitambaa safi, pasha hadi nyuzijoto 70 kwa dakika chache, kisha acha majimaji yatulie kwenye jokofu kabla ya kuyachuja tena kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Hata ukifanya yote hayo, utabaki na utusitusi kidogo. Mtu anayetaka jeli ya kuonyesha chupani atumie unga.

Kuchagua kiongeza uzito

Kaboma, unga mweupe unaotengenezwa viwandani, ndiyo inayotoa jeli angavu kuliko zote ikiwa kwenye maji matupu. Nyuzi zake za molekuli huwa zimejikunja zikiwa kwenye asidi. Ukiongeza alkali, sehemu zake hupata chaji hasi, zikasukumana, nyuzi zikajikunjua na kuyashika maji. Lakini mshubiri una potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, na madini haya yenye chaji chanya huzifunika zile chaji hasi, hivyo nyuzi hujikunja upya na jeli hulegea. Kalsiamu na magnesiamu ndizo kali zaidi katika jambo hili. Nimewahi kumimina maji ya mshubiri kijiko kimoja kimoja juu ya jeli ya kaboma iliyokuwa imesimama wima kwenye bakuli. Kijiko cha kwanza kilipokelewa, cha pili kikaacha dimbwi dogo pembeni, na kufikia cha nne jeli yote ilikuwa ikitiririka kama uji mwepesi. Kuongeza kaboma zaidi hakukuokoa kitu.

Gundi ya zantani huvumilia chumvi vizuri, na kwa asilimia 0.5 hadi 1 hutoa uzito wa kutosha. Aina ya kawaida, ile inayotumika sana jikoni, huacha weupe kama wa maji yaliyooshea mchele, kwa hiyo ni lazima ununue ile iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya bidhaa angavu. Kasoro yake nyingine ni kwamba huteleza na kuvutika kama ute wa bamia inapozidi, jambo ambalo wengine hawalipendi kwenye ngozi.

Chaguo langu kwa mshubiri ni hidroksiethili selulosi (unga unaotokana na selulosi ya mimea, nami nitaiita selulosi tu), kwa asilimia 1 hadi 2. Molekuli zake hazina chaji, kwa hiyo chumvi za mshubiri hazina cha kushika. Jeli yake ni angavu, laini, na hubaki na uzito wake katika pH (kipimo cha asidi na alkali) ya asidi kidogo ambayo ngozi inaipenda. Maelezo yanayofuata yanaihusu hiyo.

Kutengeneza gramu 500

Pima kwa mzani wa kidijitali unaosoma sehemu ya kumi ya gramu, kwa kuwa vijiko havitoshi kwa vipimo vidogo kama hivi. Utahitaji gramu 464.5 za maji yaliyokenekwa, gramu 7.5 za hidroksiethili selulosi, gramu 20 za glisirini, gramu 2.5 za unga wa mshubiri, gramu 0.5 za chumvi ya sodiamu ya EDTA (kiambato kinachofunga madini), na gramu 5 za kihifadhi kilichoundwa kwa fenoksiethanoli na ethilihekisiligliserini. Maji ya bomba hayafai hapa, kwa sababu madini yake huongeza utusitusi na kukipa kihifadhi kazi ngumu zaidi. Osha vyombo vyote, vifute kwa alkoholi ya asilimia 70, na uviache vikauke.

Tenga gramu 50 za maji kwa ajili ya kuyeyushia unga wa mshubiri baadaye. Maji yaliyobaki yatie EDTA na uikoroge hadi iyeyuke. Katika bakuli dogo, changanya selulosi na gramu 15 za glisirini mpaka upate uji usio na chembe kavu. Glisirini huzitenganisha chembe za unga ili kila moja ikutane na maji peke yake, badala ya kushikana na kuwa mabonge yenye unga mkavu katikati. Mimina uji huo kwenye maji huku ukikoroga taratibu, kisha weka chombo juu ya sufuria ya maji ya moto hadi mchanganyiko ufike nyuzijoto 60 hadi 65.

Hapa panahitaji uvumilivu. Kwa dakika kadhaa utaona maji yenye weupe na chembe zinazoelea, kana kwamba umekosea. Endelea kukoroga polepole, mwiko ukigusa chini ya chombo ili usiingize hewa. Kisha mwiko utaanza kuwa mzito mkononi, weupe utapungua kuanzia pembeni, na chembe zitavimba zikawa kama mayai ya chura kabla hazijapotea kabisa. Ondoa kwenye moto na uendelee kukoroga kila baada ya muda hadi jeli iwe ya vuguvugu. Sababu ya kutoutia mshubiri tangu mwanzo ni kwamba una asidi, na selulosi hii hunywa maji polepole sana kwenye asidi, ilhali kwenye maji yasiyo na asidi hufanya kazi haraka.

Jeli ikishuka chini ya nyuzijoto 40, yeyusha unga wa mshubiri katika yale maji uliyoyatenga, uchuje ikiwa umeacha chembe, na uuongeze. Changanya kihifadhi na gramu 5 za glisirini zilizobaki, kisha uvitie pamoja, kwa sababu kihifadhi kikitumbukizwa peke yake hujikusanya kama matone ya mafuta na kuacha mawingu yanayochukua muda mrefu kuondoka. Mwisho pima pH kwa karatasi za kupimia. Ikiwa juu, shusha kwa tone moja moja la mmumunyo wa asidi ya sitriki hadi ifike kati ya 5 na 5.5.

Usitumie mashine ya kusagia katika hatua yoyote, kwani itajaza vipovu vidogo ambavyo macho huviona kama ukungu, na mtu akadhani kiambato fulani kimeharibika. Vikitokea, funika chombo na ukiache usiku kucha. Katika jeli ya selulosi vipovu hupanda vyenyewe hadi juu, tofauti na kaboma na zantani, ambazo huvishikilia mahali vilipo kwa wiki nyingi.

Kwa anayeshikilia kaboma

Inawezekana, ikiwa atapunguza mshubiri. Tumia unga wa mshubiri usiozidi asilimia 0.1, na kaboma asilimia 0.5. Nyunyiza kaboma juu ya maji na uiache ilowe bila kukoroga kwa saa kadhaa, kisha ongeza viambato vingine na usubiri vipovu vitoke wakati mchanganyiko bado ni mwepesi na una weupe wa maziwa. Ndipo udondoshe alkali, yaani trietanolamini au mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi, ukiwa umevaa glavu na miwani, hadi pH ifike 6 au 6.5. Mahali kila tone linapoangukia, weupe hufunguka na jeli husimama papo hapo.

Kwa pH hiyo, sodiamu benzoeti na potasiamu sobeti hazitakulinda, maana huhitaji pH iliyo chini ya 5, na zenyewe ni chumvi zinazoilegeza kaboma. Tumia fenoksiethanoli isiyozidi asilimia 1. Jeli ya kaboma iwekwe pia mbali na jua, kwa sababu mionzi hukata nyuzi zake.

Kukagua na kutunza

Mimina jeli kwenye glasi nyembamba na uiweke juu ya ukurasa wenye maandishi. Ukiweza kusoma herufi ndogo kupitia jeli yenye kina cha sentimita 5, umefanikiwa. Weupe uliosambaa sawasawa mara nyingi unatokana na kiongeza uzito kisichonywa maji vizuri au na mafuta. Vitamini E na mafuta ya kunukia hayayeyuki majini, na hata matone machache yatafuta ung'avu wote yasipochanganywa kwanza na polisobeti 20 (kiambato kinachoyachanganya mafuta na maji), kwa kiasi kinachozidi mafuta hayo mara kadhaa. Mimi huiacha jeli ya mshubiri bila manukato.

Ijaribu kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono na usubiri siku mbili kabla ya kuitumia mahali pengine. Ihifadhi kwenye chupa ya pampu au mrija, kwa kuwa kidole kinachochovya kwenye kopo huacha vijidudu kila siku. Jeli iliyotengenezwa kwa jani bichi ikae kwenye jokofu na itumike ndani ya wiki moja, hata kama ina kihifadhi. Kwa ile ya unga, angalia rangi, harufu na uzito kila unapoitumia. Bakteria na kuvu wana vimeng'enya vinavyokata selulosi, na kwa hiyo jeli iliyokuwa nzito ikianza kuwa majimaji bila wewe kuongeza chochote, imwage hata kama bado inang'aa na haijatoa harufu.