Somo: Wanzuki ya stroberi ya kuhifadhi, kwa ndoo ya lita 10

Wanzuki ya kawaida, yaani pombe ya asali, hunywewa siku chache baada ya kuandaliwa, ingali na povu. Hii ni ya kukaa. Inahitaji miezi minne mpaka sita, inafikia kileo cha asilimia 11 hivi, na inapokaa ndipo inapolainika. Inayoharibika huwa imepatwa na moja ya mawili: hamira ilikosa chakula, au hewa iliingia wakati haikutakiwa. Yashike hayo mawili, mengine yanarekebishika.

Vipimo vya kupata lita 5 na ushee:

- Asali mbichi kilo 1.5. Pima kwa mizani. Lita moja ya asali ni karibu kilo 1.4, kwa hiyo anayepima kwa chupa akidhani lita ni kilo hupata pombe kali kuliko alivyopanga.
- Maji lita 4, yaliyochemshwa na kupoa
- Stroberi zilizoiva kilo 1.5
- Hamira ya mvinyo gramu 5
- Hamira ya mkate kijiko kimoja cha chai (hii ni chakula, maelezo yako chini)

Vifaa ni ndoo ya lita 10 yenye mfuniko unaobana, ambayo haijawahi kubeba rangi wala mafuta. Dumu la lita 5. Mfuko wa kitambaa cheupe. Mrija wa kuhamishia. Na mrija mwembamba wa dripu, mpya, kutoka duka la dawa. Toboa mfuniko, pitisha mrija wa dripu, ziba pembeni kwa nta ya nyuki, kisha tumbukiza ncha ya nje kwenye chupa yenye maji. Gesi itatoka, hewa haitaingia.

1. Usafi. Osha kila kitu kwa sabuni, kisha loweka dakika 15 kwenye maji yenye dawa ya klorini isiyo na marashi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 5. Suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa. Klorini ikibaki, pombe itanuka kama hospitali na hakuna namna ya kuiondoa.

2. Asali. Usiichemshe, harufu yote itaondoka na mvuke. Pasha nusu ya maji mpaka yawe ya uvuguvugu, koroga asali iyeyuke, mimina ndooni, ongeza maji yaliyobaki. Tikisa kwa nguvu dakika tano. Hapa, na siku mbili tatu za mwanzo, hewa inatakiwa, maana hamira inaihitaji ili izaliane. Asali nzito ya miombo mara nyingi huifunika stroberi, na yenye harufu ya moshi itabaki na moshi mpaka gilasi ya mwisho. Tafuta nyepesi.

3. Hamira. Nyunyiza kwenye nusu kikombe cha maji ya nyuzi 35 hivi, acha dakika 15, kisha mimina ndooni. Asali ina sukari tele lakini haina naitrojeni ya kutosha, na hamira yenye njaa hutoa harufu ya mayai viza au husimama katikati. Kwa hiyo chemsha ile hamira ya mkate dakika 10 katika maji kidogo ife kabisa, ikipoa igawe mara mbili: nusu baada ya saa 24, nusu siku ya tatu. Koroga polepole kabla ya kuongeza, gesi itoke kwanza, la sivyo povu litamwagika sakafuni. Zabibu kavu ambazo watu hupenda kuweka kama chakula cha hamira hazisaidii kitu kwa kiasi kile. Ziwekeni kwenye pilau.

4. Joto. Hamira nyingi za mvinyo hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Mbeya na Njombe mwezi Juni na Julai usiku unashuka mbali chini ya hapo, na ndoo iliyo sakafuni inalala. Iweke ndani ya boksi lililojaa maranda, juu ya ubao. Maranda hayana shida kupatikana Mafinga au Makambako. Usiiweke kando ya jiko: jioni inachemka, alfajiri inaganda, na hamira inachoka kwa kuyumbishwa hivyo kuliko kwa baridi ya kudumu.

5. Matunda. Subiri siku ya 7 hadi ya 10, mapovu yakipungua. Ukiweka stroberi mwanzoni, gesi hubeba harufu yake yote nje. Ukisubiri, kileo kilichokwishapatikana kinasaidia pia kuzuia ukungu. Ondoa vikonyo na sehemu zilizooza, gandisha kwenye friza siku mbili, ziyeyushe, zitie kwenye mfuko uliochemshwa, zamisha. Kugandisha kunapasua nyama ya tunda, juisi inatoka yenyewe. Usiye na friza, ziponde na uzipashe nyuzi 70 kwa dakika 10. Zisichemke, la sivyo pektini (ile inayogandisha jamu) itaifanya pombe iwe na weupe usiotulia.

Mfuko utaelea. Uzamishe asubuhi na jioni kwa kijiko safi, maana sehemu inayobaki juu ndiyo inayoota ukungu. Utoe siku 7 hadi 10 baada ya kuuweka. Stroberi zitakuwa zimepauka kabisa, ni kawaida.

6. Kuhamisha. Jaza mrija maji yaliyochemshwa kabla ya kuanza, usivute kwa mdomo. Ncha yake ifike chini ya dumu ili pombe isirukeruke. Jaza dumu mpaka shingoni, rudisha mrija wa dripu. Baada ya mwezi hamisha tena, uache machicha. Ikitulia ikawa angavu, weka kwenye chupa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, sina hamira ya mvinyo. Ya mkate inafaa?*
Inafaa. Ila haitulii vizuri chini, na inaweza kusimama mapema ikaacha utamu. Hamisha mara tatu badala ya mbili.

*Huku Iringa tuna ulanzi (pombe ya mianzi). Nikitia kikombe badala ya hamira?*
Itachacha, lakini ulanzi una hamira za porini pamoja na bakteria wa uchachu. Ni kinywaji cha leo na kesho. Kwa pombe ya miezi sita utapata siki.

*Nitajuaje imekwisha kuchacha bila haidromita (kipimo cha sukari iliyobaki)? Chupa zililipuka.*
Ukisubiri mapovu peke yake utakosea, baridi nayo huyasimamisha. Jaza chupa ndogo ya maji ya plastiki, funga, iweke mahali pa joto wiki moja. Ikiwa ngumu ukiibonyeza, sukari bado inaliwa. Rudisha kwenye dumu. Mwenye haidromita asubiri isome 1.000 au chini, bila kubadilika kwa wiki mbili. Anayetaka tamu aongeze asali kwenye gilasi, siyo kwenye chupa.

*Kuna utando mweupe juu. Nimwage?*
Ukiwa mwembamba kama vumbi, hewa imeingia: hamisha kutoka chini yake, jaza dumu mpaka juu. Ukiwa na manyoya ya kijani au nyeusi, mwaga.

*Nimesikia pombe ya nyumbani inapofusha.*
Kuchacha kwa asali na stroberi hutoa methanoli kidogo mno. Hatari iko kwenye kukeneka (kuipika na kukusanya mvuke wake) na kwenye gongo iliyochanganywa, kwa hiyo usiikeneke. Na kama una mpango wa kuuza, hiyo ni habari ya leseni ya vileo na Shirika la Viwango (TBS), ianze huko kabla ya ndoo.

*Dada hapa Tukuyu, stroberi ni ghali. Pesheni je?*
Kilo moja ya juisi na mbegu inatosha, kwa kuwa pesheni ni kali mdomoni. Usisage mbegu, zinatia uchungu. Plamu za Njombe ni kilo 2, bila kokwa.