Soma volti kwanza, ndipo uunge betri ya pili bandani

Msimu huu nimeingia mabanda manne ya kuku wa mayai ambayo balbu zake zote za sola, zile za kumwongezea kuku saa za mwanga ili atage, ziliungua usiku mmoja. Kote nilikuta kitu kilekile pembeni ya mlango: betri mbili za volti 12 zimesimama bega kwa bega, na kipande kifupi cha waya kimetoka kwenye chanya ya hii kwenda kwenye hasi ya ile. Mfugaji aliona taa zinazima kabla ya muda, jirani akamwambia aongeze betri, akaongeza. Waya ule mfupi ndio uliomfilisi.

Ukiunga chanya kwa hasi unajumlisha volti. Kila mtu aliyewahi kutia betri kwenye tochi anaijua hesabu hii: mawe mawili ya volti 1.5 yakipangwa kichwa kwa mkia yanatoa volti 3, matatu yanatoa 4.5, na ndiyo maana balbu ya tochi ya mawe matatu huwezi kuibadilisha na ya mawe mawili. Betri za sola hazina sheria yao ya pekee. Betri ya asidi (lead-acid) iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi, kwa hiyo mbili zilizofuatana zinapeleka zaidi ya volti 25 kwenye balbu iliyoandikwa 12. Saa ulizotaka kuziongeza hazikuongezeka hata dakika moja.

Mama mmoja mwenye kuku 200 alinitolea balbu zake sita kwenye kapu la mayai. Zilikuwa za LED, shingo za plastiki zimebadilika rangi, na ukiitikisa moja unasikia kitu kinacheza ndani. Zilipoungua mara ya kwanza alidhani kauziwa feki, akarudi dukani kununua sita nyingine, nazo zikaenda usiku uleule. Balbu kumi na mbili, na betri bado ameziunga vilevile! Ndugu zangu, balbu moja ikiungua ni bahati mbaya. Zikiungua zote kwa pamoja, ondoa mkono kwenye mfuko wa pesa na uende ukaangalie waya.

Hasara haiishii hapo. Kontrola nyingi za chaji, vile visanduku vinavyosimamia umeme kati ya paneli, betri na taa, zinazouzwa siku hizi zinajitambulia zenyewe kama umeziunga na betri ya volti 12 au ya 24. Ikiona volti 25 inajipanga kuwa ya 24, na upande wa kutolea taa unatoa hizohizo 24. Wakati huohuo paneli yako moja, ile inayoitwa ya volti 12, hata jua la saa sita mchana likiipiga haivuki volti 22 hivi. Maji hayapandi mlima: paneli ya volti 22 haiwezi kuchaji betri za volti 25. Basi betri zinashuka kila siku na hazijazwi, zikikaa hivyo wiki chache zinakufa, na mfugaji anasema sola ni utapeli.

Ukitaka mwanga udumu zaidi, unga sambamba. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Volti zinabaki 12, kinachoongezeka ni akiba: betri mbili za Ah 50 (ampea-saa, kipimo cha akiba ya betri) zinakuwa kama moja ya Ah 100. Waya wa kwenda kwenye kontrola utoe chanya kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya pili, ili zote mbili zichoke sawa. Weka fyuzi karibu na ncha chanya, isiwe kule mwisho wa banda. Betri ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Kabla ya kuzikutanisha zipime kila moja peke yake. Moja ikisoma 12.6 na nyingine 12.1, chaji ile ya chini mpaka zilingane. Na betri ya zamani ya gari la shemeji usiichanganye na mpya. Najua ni ya bure. Itaivuta ile mpya chini.

Sasa balbu yenyewe. Umbo lisikudanganye, maana balbu ya sola na balbu ya umeme wa nyumbani zinaweza kuwa na kitako kilekile cha kuzungusha au cha kuchomeka. Soma maandishi ya shingoni. Ikiandikwa DC 12V, ni ya betri moja au ya betri zilizoungwa sambamba. Ikiandikwa AC 220–240V ni ya umeme wa gridi au wa inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na ukiifunga kwenye betri haitawaka kabisa, haijaungua, usiitupe. Zipo pia zenye masafa mapana, kwa mfano DC 12–85V, hizo zinavumilia volti 12 na 24. Zisizo na maandishi yoyote usinunue, hata zikiwa nusu bei.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo halina kelele, kwa hiyo linakaa bandani miezi. Mfugaji ananunua balbu za lori kwenye duka la vipuri kwa sababu ni imara. Malori mengi yanatumia volti 24. Ukiifunga balbu hiyo kwenye betri ya 12 inawaka, lakini uzi unakuwa mwekundu kama kaa la jiko lililosahauliwa. Mwenye banda anaona taa inawaka, anaridhika. Kuku haoni kitu. Ni hivyohivyo kwa balbu ya 12 kwenye betri ya volti 6 iliyotolewa kwenye pikipiki ya zamani.

Hata ukilinganisha volti sawasawa kwenye betri, waya mwembamba unaweza kuziiba njiani. Chukua balbu nne za LED za wati 9: jumla wati 36, gawanya kwa volti 12, unapata ampea 3. Betri ikiwa mita 20 kutoka kwenye taa, umeme unatembea mita 40, kwenda na kurudi. Kwenye waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unapoteza karibu volti 1.4, kwa hiyo betri ikisoma 12.4 balbu inapata 11 tu. Waya wa 2.5 unapoteza karibu 0.9, wa 4 zaidi kidogo ya nusu volti. Dawa ya bei rahisi kuliko zote ni kusogeza betri karibu na banda, ndani ya mita 5 ukiweza, kwenye kibanda chenye hewa na mbali na kinyesi cha kuku. Zile nyaya za spika ninazozikuta zimefungwa kwenye boriti, nitaendelea kuzikata nikizikuta.

Kuhusu saa: Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki saa moja, kwa hiyo jua linakupa saa 12 hivi mwaka mzima. Kuku anayetaga mpe 16. Washa saa 10 alfajiri mpaka kupambazuke, na jioni kuanzia saa 12 mpaka saa 2 usiku. Kwa mitetea wanaoanza, anza kati ya wiki ya 18 na ya 20, ongeza nusu saa kila wiki mpaka ufike hapo, na ukishafika usipunguze. Hapa ndipo balbu zilizoungua zinapouma: kuku aliyezoea saa 16 akirudishwa ghafla kwenye 12 anapunguza mayai, wengine wananyonyoka manyoya na kuacha kabisa, na huwezi kuwarejesha kwa kununua balbu kesho yake.

Pima betri saa 3 usiku, saa nzima baada ya kuzima taa, usipime zikiwa zinawaka wala paneli ikiwa inachaji. Ikisoma 12.6 imejaa, 12.2 imefika nusu hivi. Ikisoma 12.0 umeshaitumia kupita kiasi: kesho ifanyie hesabu upya, ama ongeza betri sambamba, ama punguza wati, ama futa vumbi kwenye paneli. Saa 16 za mwanga zenyewe usiziguse.

Mambo yakienda sawa, mwanga utatosha wewe kusoma gazeti ukiwa umechuchumaa kando ya chombo cha chakula cha kuku.

Taa hizi za LED hazitoi joto la kulelea vifaranga, msichanganye. Na chukueni kalamu ya wino mzito leo, muandike 12V kwenye ubavu wa kila betri, kwenye kontrola na kwenye ubao juu ya swichi, kabla kijana wa kazi hajatumwa dukani.