Somo: Home Assistant kwenye mashine pepe inapotea mtandaoni? Pima hivi kabla hujagusa kitu

Wakuu, salaam. Kwangu Home Assistant (programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani) inaendesha taa za nje, kamera ya geti na pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki. Iko ndani ya mashine pepe (kompyuta bandia ndani ya kompyuta halisi), juu ya Proxmox (mfumo unaoendesha mashine pepe), kwenye kompyuta ndogo ya ofisi niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Usiku mmoja nikaamshwa na maji yanayomwagika uani. Tanki limefurika, pampu bado inasukuma, na kwenye simu hakuna kifaa hata kimoja kinachoitika. Baada ya muda vyote vikarudi vyenyewe.

Nikaishukia Home Assistant. Nikarudisha toleo la nyuma, nikang'oa viongezi kimoja kimoja, wikiendi mbili zikaenda. Wanasema mkamatwa na ngozi ndiye mwizi, ila hapa mwenye ngozi alisingiziwa.

Kutoka kwenye simu hadi Home Assistant unapita ruta, swichi, waya, kadi ya mtandao ya kompyuta, daraja la Proxmox (vmbr0), kisha kadi bandia ya mashine pepe. Jua kwanza pamekatikia wapi.

Hatua ya 1: acha pingi mbili (ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa kinajibu) zikeshe

Ingia kwenye terminali ya Proxmox yenyewe, siyo ya mashine pepe. Tuseme ruta ni 192.168.1.1 na Home Assistant ni 192.168.1.20:

nohup ping -D -O 192.168.1.1 > /root/ruta.txt &
nohup ping -D -O 192.168.1.20 > /root/ha.txt &

Alama ya -D inaandika muda, na -O inaandika "no answer yet" kila jibu linapochelewa. Muda unatoka kwa sekunde za Unix; kuugeuza andika date -d @ ukifuatisha namba hiyo bila nafasi.

Uzuri wake ni huu: pingi ya kwenda mashine pepe inapita kwenye daraja tu, haigusi waya wala kadi halisi. Pingi ya ruta lazima itoke nje. Kwa hiyo asubuhi utasoma hivi:

Ruta imepotea lakini HA (Home Assistant) inajibu: shida ni kadi halisi, waya, swichi au ruta. Nenda hatua ya 2.
HA imepotea lakini ruta inajibu: shida iko ndani ya mashine pepe au kwenye anwani yake. Nenda hatua ya 3.
Zote mbili zimenyamaza, au muda umeruka: kompyuta yenyewe iliganda au ililala.
Zote mbili ni safi: angalia Wi-Fi ya simu na ya vifaa vyako.

Hatua ya 2: kadi halisi

Kwangu ruta ilipotea saa nane na dakika kumi na tatu usiku, HA ikawa inajibu bila kuruka hata moja. Nikasoma logi ya keneli (kiini cha mfumo wa kompyuta):

journalctl -k | grep -i -E "hang|reset adapter"

Ikatoka mistari kibao ya "e1000e 0000:00:1f.6 eno1: Detected Hardware Unit Hang", kisha "Reset adapter unexpectedly". Draiva ya e1000e (programu inayoendesha kadi ya mtandao) inajulikana kwa ugonjwa huu, na kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika zina kadi za namna hiyo. Keneli huikabidhi kadi kazi ya kukata mafungu makubwa ya data kuwa vipande vinavyotosha mtandao. Mzigo ukiwa mkubwa, kadi inakwama, draiva inaiwasha upya, inakwama tena.

Kwa nini saa nane usiku? Kwa sababu saa nane kamili ndipo nilipopanga nakala rudufu ziende kwenye diski ya mtandao. Mzigo mzito kuliko yote ya siku, na nilikuwa nimeupanga kwa mkono wangu.

Dawa ni kuipokonya kadi kazi hiyo:

ethtool -K eno1 tso off gso off

Weka jina la kadi yako badala ya eno1. Amri ya ip link itakuonyesha. Ukiridhika, fungua /etc/network/interfaces na chini ya "iface eno1 inet manual" ongeza:

post-up /usr/sbin/ethtool -K eno1 tso off gso off

Bila mstari huo, umeme ukikatika tu umerudi mwanzo. Prosesa itafanya kazi ya ziada kidogo, kwa matumizi ya nyumbani hutaiona.

Hatua ya 3: anwani

Hapa ni fupi. Ipe mashine pepe anwani ya kudumu kwa kuifunga MAC yake (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) kwenye DHCP ya ruta, yaani sehemu inayogawa anwani. Ukiiandika ndani ya Home Assistant kwa mkono, chagua namba iliyo nje ya zile ruta inazogawa, la sivyo siku moja televisheni ya mgeni itaichukua.

Na jambo moja nje ya mtandao: pampu ya maji iwekee swichi ya boya. Mimi nimeshaweka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Mkuu, mimi natumia VirtualBox (programu nyingine ya mashine pepe) kwenye laptopu, iko kwenye Wi-Fi. Nimechagua Bridged (mashine pepe iingie moja kwa moja kwenye mtandao wa nyumbani) kama ulivyosema siku ile, lakini inaingia na kutoka.

Jibu: Bridged ni sahihi, Wi-Fi ndiyo kikwazo. Wi-Fi hupokea MAC moja tu, ya laptopu iliyojiunga, kwa hiyo VirtualBox inalazimika kuivisha mashine pepe MAC ya laptopu. Ruta inaona anwani mbili za IP kwa mtu mmoja, na baadhi ya ruta hazivumilii. Chomeka waya. Pia izuie laptopu isilale.

Swali: Nilishauriwa nibadilishe kadi bandia ya mashine pepe kutoka VirtIO kuwa E1000, sijaona tofauti.

Jibu: Hiyo E1000 ni kadi bandia ya ndani ya mashine pepe, kaka. Majina yanafanana na draiva ya e1000e, ila ni vitu viwili. Rudi VirtIO.

Swali (Mombasa): Kwangu stima zikirudi, HA haina anwani mpaka niizime na kuiwasha.

Jibu: Kompyuta inaamka kabla ya ruta. Iambie isubiri dakika mbili kabla ya kuwasha mashine pepe: pvenode config set --startall-onboot-delay 120

Swali: Nilikopi mashine pepe nzima kwenda kompyuta nyingine ili nijaribie. Tangu hapo zote mbili zinayumba. Ni wewe uliyesema tuwe na nakala!

Jibu: Nilisema uwe nayo, sikusema uiwashe, hahaha. Zina MAC moja na zinagombea anwani moja. Zima moja, itengenezee MAC mpya, ndipo uiwashe.

Swali: Nimefanya hatua ya 2, ikatulia siku nne, leo imepotea tena.

Jibu: Baada ya kukatika umeme? Andika ethtool -k eno1 | grep segmentation uone kama bado imeandikwa off. Kama ni off, nitumie matokeo ya ethtool -i eno1 na mistari ya logi ya muda ule ilipopotea.