Mahojiano ya utafiti Lamu: jinsi ya kulipita jibu lililokwisha tayari

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au uzamifu anayekuja Lamu kukusanya data za kimaelezo: kuhoji, kukaa na vikundi, kutazama watu kazini. Nitashika mfano wa wavuvi na bandari, kwa sababu ndiyo mada inayoletwa sana huku, na ndiyo ngumu kuliko inavyoonekana. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na mradi wa bandari ya Lamu. Hadithi ya hasara hiyo imeshasimuliwa kwa mawakili, kwa waandishi wa habari na kwa mashirika. Ukija na swali lile lile utapewa jibu lile lile, limenyooka vizuri, na tasnifu yako haitakuwa na jipya.

Hatua ya 1: Vibali
Pata idhini ya kamati ya maadili, kisha omba mtandaoni leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Leseni pekee haitoshi. Kabla ya kuanza, pita kwa kamishna wa kaunti, mkurugenzi wa elimu wa kaunti na ofisi ya gavana. Halafu chifu wa mahali, na mwenyekiti wa kamati ya ufuo, ambayo kila mtu huiita BMU.

Hatua ya 2: Panga ratiba kwa bahari
Kalenda ya chuo haimhusu mvuvi. Kusi ikivuma sana, vyombo vidogo hubaki ndani ya mikondo na watu huonekana bandarini. Kaskazi ikitulia, wako nje. Kisha kuna bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Kila mtego una maji yake, kwa hiyo mwenye jarife (wavu mkubwa) na mzamiaji kamba wa Kizingitini huenda wasipatikane siku moja. Muulize nahodha ni siku gani hatoki, ndipo uandike tarehe. Mwezi wa Ramadhani acha mchana. Baada ya tarawehe ndiyo watu huzungumza. Ijumaa kabla ya swala usipange kitu kirefu.

Hatua ya 3: Ingia kwa milango zaidi ya mmoja
Aliyekutambulisha huamua utaambiwa nini. Ukifuatana na mtu wa BMU, wenye ugomvi na BMU watakusifia hali ya hewa. Tafuta angalau njia tatu zisizojuana sana: kamati ya ufuo, fundi wa majahazi pale Matondoni, na mama karanga anayenunua samaki na kukaanga. Kila mmoja mwombe akutajie mtu asiyekubaliana naye. Ombi hili huwachekesha, lakini hufanya kazi.

Hatua ya 4: Ridhaa, bila orodha
Usizunguke na karatasi yenye safu za jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Mahali ambapo fidia imetajwa, karatasi hiyo ni orodha ya malipo hata ukiapa vipi, na kufikia alasiri watakuja watu ambao hawajawahi kuvua. Omba kamati ya maadili ikuruhusu kuchukua ridhaa kwa mdomo, irekodiwe mwanzoni mwa mazungumzo. Sema wazi: hapa hakuna malipo, hakuna kesi, unaweza kunyamaza au kuondoka wakati wowote.

Hatua ya 5: Uliza siku, usiulize maoni
Hapa ndipo kazi ilipo. “Bandari imekuathiri vipi?” ni swali linaloita hotuba. Badala yake: “Mzee, mara ya mwisho ulipotoka, mliondoka saa ngapi? Mlikuwa wangapi chomboni? Mlitega wapi? Mafuta alitoa nani? Samaki alimchukua nani, na kwa bei gani?” Mwache aende mwenyewe, hata akipotea njia. Kisha: “Na zamani, maji kama haya, mngekwenda wapi?” Akianza kuchora mkondo mchangani kwa kidole, mpe karatasi na kalamu, akuchoree tena. Mchoro huo ni data, na majina ya miamba na vina atakayoyataja humo huwezi kuyapata kwa swali la moja kwa moja.

Hotuba ikija, usiikatize wala usiidharau. Iandike: nayo ni data, inakuonyesha jinsi watu walivyojifunza kueleza hasara yao. Ikiisha, rudi taratibu kwenye siku ile ile ya safari.

Hatua ya 6: Baraza si kikundi cha majadiliano
Wageni hulipenda baraza kwa kuwa watu wameshakaa wenyewe. Lakini pale mkubwa husema na wadogo huitikia. Andika nani alikaa wapi, nani alimkatiza nani, nani hakusema neno. Kesho yake mtafute yule wa kimya, peke yake. Na wanawake hawapo pale. Bila msaidizi wa kike wa kuingia nyumbani baada ya alasiri, utafiti wako unahusu wanaume, na useme hivyo waziwazi.

Hatua ya 7: Rekodi na uandike
Upepo wa ufukweni huharibu sauti kuliko punda na pikipiki. Keti ukingoni mwa ukuta, zima mtandao wa simu. Usiku huo huo andika kumbukumbu za uwandani, kisha nukuu sauti kama ilivyosemwa, lahaja ya Kiamu ibaki Kiamu na ya Kitikuu ibaki Kitikuu; kusanifisha kusubiri. Saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kunukuu, wakati mwingine zaidi. Ukikusanya kanda nyingi bila kunukuu, hutajua swali gani limekosekana hadi umeshavuka kurudi bara.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu: majina yakae faili moja, maandishi yenye alama kama M07 faili jingine. Kijijini, kuficha jina peke yake hakutoshi. Ukiandika “fundi mzee wa Matondoni mwenye wana wawili bandarini”, kila mtu ameshamjua. Punguza.

Hatua ya 8: Wakati wa kuacha
Acha pale mahojiano mapya yanapokurudishia mambo uliyokwisha kuyapanga, baada ya kuwahoji wapinzani pia, na ikiwezekana baada ya kuonja kusi na kaskazi. Kabla ya kupanda boti ya kurudi Mokowe, upande wa bara, wasomee uliowahoji yale uliyoyaelewa, kwa Kiswahili, na uandike wanapokukatalia.