Jozi ndogo: tazama rundo la pesa za mwenzako kwanza
Kwa mnaocheza poka ya dau dogo hapa Malindi: ukishika jozi ndogo, tuseme 4 mbili, na mtu akapandisha dau, fuata tu ikiwa wewe na yeye nyote mmebakiwa na angalau mara 15 ya dau hilo. 4 ya tatu, ile ya kukushindia dau kubwa, huja katika karata 3 za mwanzo za mezani takriban mara 1 kati ya 8 au 9, na hata ikija hulipwi kila mara. Ndiyo maana kubakiwa na mara 8 tu ya dau hakutoshi. Hesabu hii haifai kwa mwoga anayetupa karata ukiongeza tu, wala nyuma yako akiwapo mtu wa kupandisha tena. Na 6 na 7 za kopa? Hizo mimi huzicheza nikiwa wa mwisho kuamua, wengi wakiwa wameshaingia kwa bei ndogo.