Taa zicheze nje, muziki usikike ndani ya gari

Mwaka wa kwanza nilipopamba nyumba kwa taa za Krismasi zinazocheza na muziki, niliweka spika dirishani. Siku ya tatu jirani yangu mwenye mtoto mchanga akabisha hodi. Hakugomba. Aliuliza kwa upole, "Hizi nyimbo zinaisha saa ngapi?" Nilizima spika usiku ule ule. Tangu hapo muziki wangu unapita redioni: anayeutaka anasimamisha gari mbele ya nyumba na kufungua FM, asiyeutaka analala.

Chombo chenyewe ni kisambazaji kidogo cha FM. Kile ambacho watu huchomeka garini ili nyimbo za simu zitoke kwenye redio ni ndugu yake. Changu ni cha mezani, kina tundu la waya wa sauti na kioo cha kuonyesha masafa. Kabla ya kununua, soma sheria ya nchi yako, tena uisome kweli. Marekani, mawimbi yasizidi mikrovolti 250 kwa mita, yakipimwa mita 3 kutoka kwenye chombo. Nchi nyingi za Ulaya zimeweka kikomo cha nanowati 50. Hicho ni kiasi cha kufika barabarani tu, na ndicho tunachokihitaji. Ukiona chombo kinasifiwa kwa wati nzima, kiache: wati 1 ni mara milioni 20 ya nanowati 50.

Kwenye kuchagua masafa ndipo nilipokosea vibaya. Nilikaa sebuleni mchana, nikazungusha redio ndogo, nikapata mahali patupu, nikayaandika kwenye kibao cha kuwaonyesha watazamaji. Usiku, garini, kituo cha mbali kikawa kinameza nyimbo zangu. Redio ya FM ikikuta mawimbi mawili kwenye masafa yale yale, hung'ang'ania yenye nguvu na kuyafunika mengine. Na antena ya gari hunasa vituo ambavyo redio ya sebuleni haivipati kabisa. Kwa hiyo chagulia garini, pale pale watazamaji watakaposimama, saa zile zile za usiku. Kisambazaji kikiwa kimezimwa, pita polepole kuanzia megahezi 88 hadi 108. Unatafuta mchakacho mtupu, usio na sauti ya mtu wala muziki hata kwa mbali, na masafa ya jirani yake, juu na chini, yawe matupu pia. Rudia jioni mbili tatu. Mimi nilipata mawili, moja nikaliweka akiba.

Kisambazaji kikae ndani, kisilowe, karibu na dirisha la upande wa barabara, mbali na adapta za taa. Antena yake usiirefushe. Mawimbi yatavuka kikomo.

Sauti ipitishe kwenye waya. Nilipojaribu Bluetooth, binti yangu alikuwa wa kwanza kugundua: "Baba, mbona taa inaiwahi ngoma?" Bluetooth huchelewesha sauti kidogo sana, lakini jicho linaona. Kiwango cha sauti kwenye kompyuta anzia nusu, kisha panda taratibu huku mtu akisikiliza garini. Sauti ikianza kukwaruza kwenye sehemu za juu za wimbo, rudi chini. Kama kuna mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta. Ukitoweka, chanzo ni umeme unaozunguka kati ya chaja na kisambazaji. Kifaa kidogo chenye transfoma, kinachowekwa katikati ya waya wa sauti, huuondoa. Na kama kuna swichi ya mono, yaani sauti ile ile kwa spika zote, itumie. Stirio, yaani sauti tofauti kushoto na kulia, huchakacha haraka mawimbi yanapokuwa dhaifu, na hakuna anayekuja kupima stirio kwenye taa za Krismasi.

Kibao kiandikwe masafa kwa tarakimu kubwa, kimulikwe na taa yake isiyopepesa, na kionekane kabla gari halijafika mbele ya nyumba. Binti yangu pia amerekodi maneno machache yanayopita kati ya nyimbo: anawakaribisha wageni, anataja masafa, anawaomba wazime taa kubwa za gari.

Mwisho, taa na kisambazaji vyote viunganishe kwenye kifaa kimoja cha saa kinachozima umeme chenyewe. Nilisahau hilo mwaka mmoja. Taa zilizimika, kisambazaji kikabaki kimeshika masafa kimya kimya mpaka asubuhi.